Sura ya Sita: Mbu Mzee, Kopo la Maharage na Simu Isiyopatikana

Maharage yakishatiwa koponi na mfuniko ukabanwa, swali kubwa ni moja tu: punje iliyo katikati kabisa imepata moto wa kutosha? Zile za pembeni, zilizogusana na bati, hazina tatizo. Huiva mapema na mara nyingi huiva kupita kiasi. Ya katikati ndiyo yenye neno. Joto huifikia mwisho, likipokezanwa punje kwa punje, na mvuke wa kiwandani ukizimwa kabla ya wakati, hapo katikati ndipo bakteria aitwaye Clostridium botulinum atakaposalia. Huyu hastawi penye hewa. Mambo yakimwia magumu hujifunga ndani ya spora, ganda gumu linalostahimili hata maji yanayochemka, akasubiri. Akikuta kopo lisilo na oksijeni na chakula kisicho na asidi ya kutosha, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayopoozesha misuli, mpaka ile ya kuvuta pumzi. Mwishoni mwa 1919 na mwanzoni mwa 1920 watu kadhaa walikufa hivyo katika miji tofauti ya Marekani baada ya kula zeituni zilizofungashwa California.

Wakati huo kazi ya kuhifadhi chakula kwa moto ilikuwa na umri wa zaidi ya karne. Mfaransa Nicolas Appert alilipwa na serikali yake faranga 12,000 kwa sharti la kuuweka ujuzi wake hadharani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1810. Baada yake viwanda vilijifunza kwa kujaribu na kuharibu. Wenye makopo waliongeza muda kidogo hapa, moto kidogo pale, na kopo likivimba ghalani walijua wamekosea. Kilichokosekana ni njia ya kujua, kabla ya kopo kutoka kiwandani, yaliyotokea mahali ambapo jicho halifiki.

Njia hiyo ilipatikana katika miaka michache iliyofuata vifo vya zeituni. William Bigelow na wenzake waliokuwa wakifanya kazi kwa chama cha wenye viwanda vya makopo Marekani walitoa mwaka 1920 utaratibu wa kuunganisha vitu viwili: jinsi joto linavyopanda ndani ya kopo dakika kwa dakika, na jinsi vijidudu vinavyokufa katika kila kiwango cha joto. Mwaka 1922 watafiti Esty na Meyer wakapima ustahimilivu wa spora zenyewe. Mwaka 1923 Charles Olin Ball akaandika fomula iliyomwezesha fundi wa kiwandani kupata muda wa kupika kwa kalamu, karatasi na majedwali. Hakukuwa na kompyuta. Lakini kazi yenyewe ni ileile inayofanywa leo na kompyuta: kutengeneza kopo la namba linalofuata tabia ya kopo la bati, kisha kuliuliza maswali ambayo la bati haliwezi kujibu bila kupasuliwa.

Hesabu hizo tuzitazame kwa karibu, kwa kuwa sura nzima imesimama juu yake. Katika nyuzi joto 121.1, kila sekunde 13 hivi zinapopita, spora tisa katika kila kumi hufa. Ukianza na milioni moja, unabaki na laki moja, kisha elfu kumi, kisha elfu moja. Hazimaliziki zote kwa mkupuo, na kwa hesabu hazimaliziki kabisa. Zinazidi kupungua tu. Ndiyo maana viwanda vilikubaliana kurudia upunguzaji huo mara 12, hata kama kopo lingeanza na trilioni nzima ibaki spora moja kwa makadirio. Mara 12 za sekunde 13 ni kama dakika mbili na nusu, ambazo mazoea ya viwanda huzifikisha tatu.

Sasa punguza moto. Kila nyuzi 10 zinaposhuka, muda unaotakiwa huzidishwa mara kumi. Katika nyuzi 111 unahitaji dakika 25. Katika nyuzi 100, ambazo ndizo za maji yanayochemka Dar es Salaam, hesabu inafika saa tano na zaidi. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hesabu ileile inatoa zaidi ya saa 21. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini kiwanda hutumia mtungi wa mvuke wenye shinikizo na hakitumii sufuria ya kawaida, na kwa nini kufungasha nyama, samaki au maharage nyumbani kwa kuchemsha tu ni hatari isiyoonekana. Mananasi ya Thika yana nafuu kwa sababu ya asidi: spora za bakteria huyu haziamki penye pH ya chini ya 4.6, kwa hiyo moto mdogo unayatosha.

Lakini dakika tatu hizo ni za wapi? Hapa ndipo penye somo. Si za mvuke, wala si za bati, wala si za wastani wa chakula chote kilichomo. Ni za ile sehemu ya ndani inayopata moto mwisho. Katika rojo zito sehemu hiyo iko katikati ya kopo, kwa kuwa joto husafiri polepole kutoka pande zote. Katika mchuzi mwepesi, unaozunguka wenyewe unapopata moto, iko chini ya katikati, karibu na kitako. Na kopo likinenepa, mambo hubadilika kuliko mtu anavyotarajia: Joseph Fourier alieleza mwendo wa joto katika kitabu cha mwaka 1822, na moja ya matokeo ya milinganyo yake ni kwamba ukikuza kopo la rojo mara mbili kwa kila upande, moto huhitaji muda mara nne kufika ndani. Ukipima wastani wa joto la kopo zima utaambiwa limeiva, ilhali katikati bado.

Nimekaa sana na kopo kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia habari ya modeli za kompyuta tunafikiria mashine inayotabiri yajayo, kwa hiyo tunaipima kwa swali moja, imepatia au imekosea. Naamini kazi yake ya kwanza ni nyingine. Modeli nzuri hukuonyesha mahali gani, saa gani, au nani anayeamua hatima ya kitu kizima, na mara nyingi sana jibu hilo liko mbali na wastani. Ndiyo maana mahesabu ya mpishi wa kiwandani, ya mtaalamu wa mbu na ya fundi wa simu yanafanana kiasi cha kushangaza, ingawa watu hao watatu hawasomi majarida ya aina moja na pengine hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Tuwaendee mbu.

Ronald Ross, daktari aliyekuwa akiitumikia serikali ya Kiingereza nchini India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad tarehe 20 Agosti 1897. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1902 kila mtu anaikumbuka. Wasomaji wachache wanajua kwamba yeye mwenyewe alijivunia sana kazi yake ya hisabati. Alipotumwa Mauritius mwaka 1907 kushauri kuhusu malaria, aliulizwa lile ambalo kila waziri wa afya angeuliza: je, ni lazima tumalize mbu wote? Kama jibu ni ndiyo, basi hakuna haja ya kuanza. Ross alijibu kwa mlinganyo, na katika toleo la 1911 la kitabu chake kikubwa kuhusu kinga ya malaria aliueleza kwa kirefu. Kipo kizingiti. Mbu wakipungua chini ya kiwango fulani kwa kila mtu, kila mgonjwa huambukiza chini ya mgonjwa mmoja mwingine, na ugonjwa hufifia wenyewe huku mbu bado wakilia masikioni.

Hilo lilikuwa jambo jipya kabisa, na madaktari wengi wa zama zake hawakulikubali kwa urahisi. Hata hivyo Ross aliwahesabu mbu kama kundi moja, mbu ni mbu. Ilibidi kungoja miaka ya 1950 ili George Macdonald, Mwingereza aliyeongoza taasisi iliyopewa jina la Ross huko London, aulize swali lililofanana na la kopo: mbu yupi?

Maana si kila mbu anayeng'ata anaambukiza. Anapomnyonya mgonjwa, vimelea humwingia, lakini vinahitaji muda wa kukua ndani yake kabla ya kufika kwenye mate. Kwenye nyuzi joto 25 muda huo ni kama siku 12. Mbu wengi hawafikishi siku hizo. Huliwa na mijusi na buibui, hupigwa kofi, hukauka, huchoka. Anayeambukiza ni yule mbu jike aliyenyonya damu ya mgonjwa, akaponea kila siku ya zile 12, akarudi kunyonya tena. Kwa lugha nyepesi, malaria hubebwa na mbu wazee.

Sasa weka namba. Tuseme kila siku wanaponea mbu 90 katika 100. Baada ya siku 12 wamebaki 28. Tuseme tena kwamba tumefanya jambo fulani likashusha waponeao hadi 80 katika 100. Ni mabadiliko madogo. Ukitembea kijijini jioni huenda hutaona tofauti kubwa. Lakini baada ya siku 12 wamebaki saba tu. Tena hao saba hawana maisha marefu mbele yao: wale wa kwanza walitarajia siku tisa na nusu za kuendelea kung'ata, hawa wana nne na nusu. Zidisha vyote viwili na uambukizaji umeshuka zaidi ya mara nane. Linganisha na kufukia madimbwi hadi nusu ya viluwiluwi wafe: uambukizaji unashuka nusu, basi.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho wala haitokani na busara ya kawaida. Imo ndani ya hesabu ya kuzidisha kitu kwa chenyewe mara 12, na hesabu ya aina hiyo akili ya binadamu haikuumbwa kuikisia. Kwa mtazamo wa Macdonald, silaha bora ni ile inayomkuta mbu mkubwa kila anapotafuta damu au kupumzika. Dawa inayopuliziwa ukutani hufanya hivyo, kwa kuwa mbu aliyeshiba hukaa ukutani kusaga damu. Chandarua chenye dawa hufanya hivyo pia, tena kila usiku anaorudi. Mbu anayehitaji mlo kila baada ya siku mbili au tatu atalazimika kuipita hatari hiyo mara nne au tano kabla vimelea havijakomaa.

Je, mambo yako hivyo kweli nje ya karatasi? Hapa Afrika Mashariki ina nafasi yake ya heshima katika historia hii, na inasikitisha kwamba vitabu vyetu vya shule vinaipita kimya. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na taasisi ya utafiti wa malaria iliyohudumia eneo zima. Watafiti wake walishiriki katika mradi wa Pare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, ambako nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Na Muheza, chini ya milima hiyo, Gillies na Wilkes walifanya kazi ya subira isiyo ya kawaida: kusoma umri wa mbu mmojammoja. Kila mbu jike anapotaga, vijinyuzi vinavyobeba mayai yake hubaki na uvimbe mdogo sana. Ukimpasua kwa sindano nyembamba chini ya hadubini, unaweza kuhesabu vimbe hizo na kujua ametaga mara ngapi, na kutoka hapo ukakadiria ameishi siku ngapi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1965. Bila kazi ya namna ile, namba ya 90 katika 100 ingebaki dhana ya mtu aliyekaa ofisini London. Modeli ilisema nini kipimwe, Muheza ikapima.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini Lushoto ya milimani si kama Tanga mjini. Vimelea hukua polepole kwenye baridi: kwenye nyuzi 20 vinahitaji kama siku 28. Kwa mbu wanaoponea 90 katika 100, siku 28 zinaacha watano tu. Wengine wote wanakufa wakiwa hawajamwambukiza mtu. Pandisha joto la mlima nyuzi mbili tatu, na milima iliyokuwa salama inaanza kuwa na mbu wazee wa kutosha. Mjadala mzima wa malaria ya nyanda za juu na mabadiliko ya tabianchi unazunguka hapo.

Mwaka 2015 timu ya watafiti ilikadiria katika jarida la Nature kwamba tangu 2000 kinga mbalimbali zilikuwa zimezuia wagonjwa milioni 663 wa malaria Afrika, na kwamba vyandarua vyenye dawa vilichangia asilimia 68. Msomaji makini atauliza, mtu ambaye hakuumwa anahesabiwaje? Hahesabiwi. Namba hiyo imetoka kwenye modeli iliyoigiza Afrika isiyo na vyandarua na kuilinganisha na Afrika iliyopo. Hakuna njia nyingine ya kuipata. Hilo halinipunguzii imani kwake, ila linanifanya nidai kujua kilichoachwa nje ya uigaji huo. Modeli nyingi za zamani zilichukulia kwamba mbu hung'ata ndani ya nyumba, usiku wa manane. Mbu anayeng'ata nje saa mbili usiku, watu wakiwa bado barazani, hamo katika hesabu hizo.

Habari ya simu ina mwanzo mfupi zaidi. Agner Krarup Erlang aliingia kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908 akiwa mwalimu wa hisabati wa miaka 30. Kampuni ilikuwa na tatizo la fedha: kila waya kati ya mtaa na mtaa una gharama, kila mteja anayekosa laini analalamika. Waya ngapi zinatosha? Mwaka 1909 alichapisha makala kuhusu nasibu na mazungumzo ya simu, na mwaka 1917 ile fomula ambayo mafundi wa mitandao wanaitumia hadi leo.

Chukua mtaa unaopiga simu 100 kwa saa, kila moja ya dakika tatu. Ukijumlisha ni dakika 300 za maongezi, yaani kwa wastani mistari mitano inatumika wakati wowote. Mtu wa wastani ataweka mistari mitano. Fomula ya Erlang inasema kwamba kwa mistari mitano, zaidi ya robo ya wanaopiga watakuta imejaa. Watu hawapigi kwa zamu. Hupiga kwa makundi, kisha kimya, kisha makundi tena. Ili asikose zaidi ya mmoja katika 100, unahitaji mistari 11. Ajabu yake ni kwamba mtaa ukikua mara kumi hauhitaji mistari 110. 64 inatosha, kwa sababu makundi makubwa yana vishindo vidogo kulingana na ukubwa wao. Biashara nzima ya kampuni za simu kuunganisha mizigo ya wateja wengi kwenye mnara mmoja imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Na kama ilivyo kwa kopo, kipimo hakichukuliwi kwenye saa ya kawaida. Huchukuliwa kwenye saa ya msongamano mkubwa. Mnara uliojengwa kwa wastani wa siku utakufaa saa tisa usiku, na jioni ya Idi, kila mtu anapotaka kusalimia kwao, utakuambia mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Fomula ya Erlang ilitawala kwa miongo mingi, kisha intaneti ikaja na tabia zake. Mnamo Oktoba 1986 njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California pale Berkeley, majengo yaliyotenganishwa na mita zisizofika 400, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mitambo haikuharibika. Kila kompyuta ilipoona pakiti yake, yaani kifurushi chake cha data, imechelewa iliituma tena, na nyingine zote zikafanya vivyo hivyo, mpaka njia ikajaa nakala za vitu vilivyokwisha kutumwa. Mtafiti Van Jacobson alieleza dawa ya tatizo hilo mwaka 1988: kila kompyuta ianze kwa kutuma kidogo, iongeze taratibu, na pakiti zikianza kupotea ipunguze kwa nguvu. Mjadala wa video unaofanyika sasa hivi kati ya Mombasa na Muscat unapita salama kwa sababu mamilioni ya mashine zisizojuana zinatii kanuni za ukoo huo.

Miaka michache baadaye watafiti wa maabara ya Bellcore, waliopima mtandao wa ofisi yao kwa usahihi mkubwa kati ya 1989 na 1992, waligundua kwamba pakiti haziendi kama simu za Copenhagen. Vishindo vya simu hulainika ukiangalia muda mrefu zaidi. Vishindo vya pakiti havilainiki upesi. Ukitazama sekunde, dakika au saa nzima, bado kuna milima na mabonde ya sura ileile. Aliyekadiria foleni zake kwa Erlang alikadiria chini mno. Modeli haikuwa na kosa la hesabu. Iliacha nje jambo ambalo kwa simu lilikuwa dogo na kwa intaneti likawa ndilo linaloamua.

Fani hizi hazikukaa mbalimbali milele. Mwaka 1927, huko Edinburgh, watafiti Kermack na McKendrick walitoa milinganyo ya mlipuko wa ugonjwa: wasioambukizwa, wanaoumwa, waliotoka, na kasi ya kuhama kutoka kundi hadi kundi. William Kermack alikuwa amepofuka miaka mitatu kabla, baada ya mlipuko maabarani, na hesabu nzito alizifanya kichwani. Walizilinganisha na vifo vya tauni ya Bombay ya 1905 na 1906. Miaka 60 baadaye watafiti wa Xerox huko California walikuwa na seva nyingi zilizotakiwa kuwa na habari zinazolingana, na kila njia ya kuzisasisha kutoka kituo kimoja ilizidiwa. Wakachukua hesabu za mlipuko wa ugonjwa na kuzigeuza kuwa neema: kila seva imnong'oneze jirani yeyote habari mpya, naye amnong'oneze mwingine, na habari itasambaa kama ambukizo hata seva kadhaa zikizimika. Makala yao ya 1987 iliuita mtindo huo kwa jina la magonjwa ya mlipuko, na hifadhidata kubwa nyingi za leo hufanya kazi kwa uvumi wa aina hiyo.

Madhara nayo yalifuata njia hiyohiyo. Tarehe 19 Julai 2001 kirusi cha Code Red kiliingia kompyuta zaidi ya 359,000 katika muda usiofika saa 14, na mchoro wa ueneaji wake ulifuata mkondo uleule unaochorwa kwa homa. Januari 2003 kirusi kingine, Slammer, kilikuwa kikiongezeka maradufu kila sekunde nane na nusu mwanzoni mwake. Hakuna binadamu anayeweza kuamka, kusoma taarifa na kuchukua hatua ndani ya muda huo, na tangu hapo ulinzi wa mitandao ukalazimika kuwa wa mashine kwa mashine.

Mahali ambapo naona nyuzi hizi zimesukwa vizuri kuliko kote ni Zanzibar. Baada ya dawa mseto kuanza kutolewa 2003, kisha vyandarua na upuliziaji wa dawa ukoko majumbani, malaria visiwani ilishuka hadi chini ya mtu mmoja katika 100. Wazanzibari walikuwa na sababu ya kutosherehekea mapema. Juhudi za awali za Shirika la Afya Duniani za kutokomeza malaria visiwani zilisimamishwa 1968 ugonjwa ukiwa umeshuka sana, nao ukarudi. Kwa hiyo swali la mwaka 2008 lilikuwa zito: tukifikia sifuri, tutaweza kubaki hapo? Boti zinaingia na kutoka kila siku. Vimelea vinaingia na nani?

Kuwapima abiria wote bandarini haikuwezekana. Watafiti wakageukia minara. Simu inapotumika, kampuni hubaki na kumbukumbu ya mnara uliohudumia laini hiyo. Kwa kutumia kumbukumbu za miezi mitatu ya mwisho wa 2008, zikiwa zimeondolewa utambulisho wa wenye laini, utafiti uliochapishwa 2009 ulifuatilia mwendo wa laini 770,369. Safari ilipatikana pale laini ilipohama kutoka minara ya visiwani kwenda ya Tanzania Bara na kurudi. Kila safari ikaunganishwa na ramani ya malaria ya huko ilikokwenda na idadi ya siku zilizolalwa, kisha ikapitishwa kwenye milinganyo ya ukoo wa Ross na Macdonald ili kupata uwezekano wa mtu kurudi na vimelea.

Wastani wa msafiri ulileta faraja. Wengi hawakutoka visiwani kabisa, na wengi waliotoka walikwenda Dar es Salaam kwa siku chini ya tano, mji ambao hatari yake ni ndogo. Hatari iliangukia kundi dogo: wakazi wanaokwenda mbali zaidi Bara na kukaa muda mrefu, kisha kurudi nyumbani. Kwa mpango wa afya tofauti hiyo ni kubwa. Kumchunguza kila mtalii na kila mchuuzi wa siku moja pale bandari ya Malindi, Unguja, ni kutapanya nguvu kwa watu wasio na hatari. Kuongea na familia yenye kijana aliyerudi kutoka kuvuna Bara ni kuweka nguvu panapostahili. Kenya nako, utafiti wa 2012 uliotumia kumbukumbu za karibu wateja milioni 15 ulionyesha jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi, mji ambao wenyewe hauna mbu wa kutosha kuuendeleza ugonjwa.

Data hizi zina mapengo, na anayezitumia lazima ayakumbuke kila hatua. Mtoto mchanga hana simu. Wapo mke na mume wanaotumia moja. Mtu anayefika Bara akabadili laini anaonekana kama hakusafiri, au kama amepotea. Na haki ya mwenye laini kutofuatiliwa mwendo wake bila ridhaa ni ya kulindwa kwa sheria, hata lengo likiwa jema kama hili, kwa sababu kumbukumbu inayoonyesha mgonjwa anatoka wapi inaweza kumwonyesha mtu mwingine mengi zaidi.

Visiwani hawakuishia kwenye minara. Kuanzia 2008 vituo vya afya vilianza kutuma idadi ya wagonjwa kwa simu kila wiki, na tangu 2012 mgonjwa mmoja tu akithibitishwa kituoni, ujumbe humfikia afisa wa wilaya, ambaye huenda na kishikwambi chake hadi nyumbani kwa mgonjwa kupima damu za waliomo. Miongoni mwa maswali anayouliza ni kama kuna aliyelala nje ya Zanzibar hivi karibuni, na wapi. Mkaaji wa Unguja aliyelala usiku mmoja Kariakoo ya Dar es Salaam na aliyekaa wiki tatu shambani Bara wote ni wasafiri kwenye takwimu za bandari. Kwa afisa huyu ni watu wawili tofauti kabisa, na ni huyo wa pili mwenye hatari kubwa zaidi ya kurudi na vimelea.